Mguu wa Nne

Kwetu Kakesio upepo hauna adabu. Unapanda kutoka kule chini ziwani Eyasi, unapita katikati ya boma bila hodi, unachukua vumbi la huyu unammwagia yule. Sasa mchana, jua kali, ng'ombe wako malishoni, mzee kama mimi atafanya nini? Analala. Najilaza kwenye ngozi, mlango nauacha wazi, upepo unaimba kwenye nyufa za ukuta, na hapo ndipo mke wangu anapokujaga.

Jina lake sitalitaja. Amekufa, na kwetu jina la aliyekufa haliitwi, linalala naye. Mchungaji wa kanisa ameniambia, "Mzee Sairowua, hayo tumeshaacha." Sawa. Kichwa kimeacha. Ulimi ndio haujaacha.

Basi anakuja. Haji kama mtu anayetembea. Anakuja kama ule ukungu wa kule juu kwenye ukingo wa kreta, unaona weupe tu, halafu ndani ya weupe unaona kuna mtu. Amejifunga shuka lake la bluu, kibuyu cha maziwa kiko begani. Anazunguka boma. Anainama mlango huu, anainama mlango ule, anauliza, "Hapa ni kwa nani?" Mimi niko ndani namsikia. Nataka kuitika, lakini mdomo umejaa kitu kama sufu ya kondoo. Anafika kwenye nyumba yake mwenyewe, aliyoijenga kwa mikono yake, anatazama yale maandishi mekundu ukutani. Hajui kusoma, hakwenda shule hata siku moja. Anatikisa kichwa, anapita. Naona kisigino chake kinaingia kwenye weupe, na mimi naamka nimelowa jasho.

Hiyo ndiyo ilikuwa shida yangu. Mke wangu alikuwa anatafuta nyumba yake, na haioni.

Ngoja nieleze hayo maandishi. Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Yeye anakata fito, anazikunja, anachanganya mavi ya ng'ombe na udongo na majivu, anakandika. Mwanaume ana zizi na ana maneno, basi. Mimi miaka yote nimelala kwa mke wangu, sijawahi kulala kwangu. Sasa yeye alikuwa na mkono mmoja ambao ungeutambua popote: kidole cha mwisho cha kulia kilivunjwa na kamba ya ndama akiwa msichana, kikapona kimepinda kuelekea nje, kama kinamwonyesha mtu njia. Mara ya mwisho alipokandika nyumba, kabla hajaanza kuumwa, alama za viganja zilibaki ukutani kando ya mlango, na kile kidole kinaonekana. Nilikuwa nikitoka asubuhi naweka mkono wangu pale. Ukuta una ubaridi mzuri asubuhi.

Halafu wakaja vijana wa kuhesabu nyumba, na kopo la rangi. Kila nyumba wakaandika namba. Kwangu wakaandika mia moja kumi na saba, kubwa, nyekundu, chini chini pale kando ya mlango, ikapanda juu ya viganja vingine vya mke wangu. Wakasema namba isifutwe, isipakwe kitu, maana nyumba isiyo na namba haipo. Ni ya nini? Hakuna aliyejua. Huyu akasema ni ya maji ya bomba, yule akasema ya mikopo, Selestina jirani yangu akasema, "Ni ya kutuhamisha, mtaona." Selestina huyo hata mvua ikinyesha anasema imeletwa.

Mimi namba haikunisumbua siku ile. Ilianza kunisumbua watu walipoanza kuitumia. Mnajua, mke wangu alipokufa watu hawakujua waiiteje nyumba. Zamani walisema kwa jina lake. Alipoondoka, hata lile la kusema mama fulani wakaliogopa, wasije wakamwita akageuka. Kwa hiyo wakawa wanainua kidevu tu: "Pale." Sasa namba ikawapa neno. Siku moja Tobiko, rika langu, mtu aliyekula nyama ya harusi yangu mpaka akashindwa kusimama, nikamsikia anamwambia mtu, "Fimbo yangu nimeisahau kule mia na kumi na saba."

Nikamwambia, "Tobiko, kule wapi?"

"Kwako."

"Umesemaje?"

"Nimesema mia na kumi na saba. Sasa unataka nisemeje, murata, rafiki yangu? Nimtaje marehemu?"

Tangu siku hiyo ndipo mke wangu akaanza kuja mchana, anauliza hapa ni kwa nani.

Na ukuta nao ukaanza kupasuka. Nyumba ya mavi ya ng'ombe lazima ikandikwe kila msimu, la sivyo mvua inaingia kama mgeni. Wanawake wa boma wangenisaidia, lakini waliogopa kuigusa namba, na mimi mwenyewe niliogopa wataziba viganja. Kwa hiyo tukakaa tu, mimi na nyufa.

Hapo ndipo akaja Nailantei.

Nailantei ni mjukuu wangu, mtoto wa mwanangu wa kwanza. Yuko Karatu mjini, anachora. Anachora watalii mikono kwa piko kwenye loji moja, maua, twiga, chochote wanachotaka, na wanamlipa. Mimi siwezi kuelewa mtu kulipa ili achafuliwe mkono, lakini mtoto anakula. Akashuka kwenye gari la mnada na makopo yake, akaja kuinamisha kichwa, nikamgusa utosini.

"Umekuja na ndoo zote hizo, unafungua duka?"

"Nimekuja kuchora nyumba ya koko." Koko ndiye bibi yake, ndivyo tunavyosema.

"Nyumba haichorwi, inakandikwa."

"Nitafanya vyote, babu. Ni mradi wangu."

"Mradi ninaoujua mimi ni ule wa kuku wa kisasa, na walikufa wote."

Akacheka. Ana kicheko cha bibi yake, kinaanzia puani. "Huu ni mradi wa sanaa, babu. Haufi na mdondo. Kaa chini nikuambie kitu."

Nikakaa. Akaniambia habari ya mzee mmoja Mjapani aliyefika pale loji. Jua linachoma, wenzake wako kwenye bwawa la kuogelea, yeye kavaa shati la mikono mirefu mpaka hapa kwenye kiganja. Akaja kutazama Nailantei anavyochora. Akatazama weee, halafu akakunja shati taratibu. Mkono mzima ni samaki! Samaki mkubwa mwenye magamba anapanda maji, na mawimbi, na maua yanaelea. Sio piko ya kufutika, ni wino umeingizwa kwenye nyama kwa sindano.

"Huyo mzee ana akili timamu?" nikauliza.

"Sikiliza basi. Dereva wake alikuwa anatafsiri. Mzee akasema kwao zamani, mtu akikosea, wakubwa walikuwa wanamchora mstari mkononi. Mstari mweusi. Kila atakapokwenda watu wanaona, huyu ni yule aliyekosa."

"Wanamtia alama kama ng'ombe."

"Kama ng'ombe kabisa. Na haifutiki, ukijaribu kufuta unatoa nyama. Sasa unajua walifanyaje?"

"Walihama."

"Hapana, babu. Waliongeza. Walikwenda kwa fundi, fundi anachora samaki, ule mstari unakuwa gamba moja la samaki. Anachora ua, mstari unakuwa kikonyo. Mwisho ukimtazama huoni tena alama ya wakubwa. Unamwona yeye. Na alama ipo, haijafutwa, ila imekuwa mali yake."

Upepo ulikuwa umetulia kidogo, na vumbi limesimama hewani lina rangi ya asali. Nikashika shavu langu, hapa, hizi duara mbili alizonichoma mama yangu nikiwa mtoto. Alama ya mama haikuumizi, hata ikiuma. Halafu nikakumbuka kitu, nikaanza kucheka mwenyewe.

"Unacheka nini, babu?"

"Hao Wajapani wako wanachunga ng'ombe?"

"Sijui. Kwa nini?"

"Maana hicho kitu tunakijua. Ukinunua ng'ombe mnadani na ana chapa ya mtu, utafanyaje? Huchuni ngozi. Unachoma chuma, unaongeza mstari wako. Chapa yake inakuwa ubavu wa chapa yako. Ng'ombe anakuwa wako na historia yake anayo." Nikasogea karibu. "Wezi nao wanajua hivyo, lakini hilo usimwambie mtalii."

"Si umeona! Sasa nataka kila nyumba yenye namba, mwenyewe aniambie anataka namba yake iwe nini. Namba siifuti, naongeza tu. Ya kwako iwe ya kwanza."

Hapo nikakaza. Nikasema hapana. Nikampeleka mpaka ukutani nikamwonyesha viganja. Nikamwambia, ukipaka hapa, utakuwa umemzika mara mbili. Nailantei aliweka mkono wake kwenye kiganja kimoja, taratibu, kama mtu anavyojaribu kiatu. Ukaingia wote. Kidole cha mwisho tu ndicho hakikufika, kwa sababu chake kimenyooka.

"Sitaziba hata kimoja," akasema. "Nitakandika kwa kuzunguka."

Basi nikamwambia ndoto. Sikuwa nimemwambia mtu. Nikamwambia koko wako anakuja mchana, anapita nyumba kwa nyumba, na hii haijui, kwa sababu hajui kusoma.

Nailantei akafuta macho kwa bega. Akasema, "Basi tumwandikie kitu anachojua kusoma. Koko alijua kusoma nini?"

"Ng'ombe," nikasema. Sikufikiri hata. Mke wangu alikuwa anaweza kumtazama ng'ombe kwa mbali, kule wanakoonekana kama chawa kwenye blanketi, akakwambia huyo mama yake ni nani na alizaliwa kwenye njaa ipi.

"Ng'ombe gani?"

Hapo ndipo ilibidi nieleze habari ya harusi. Siku walipomleta alifika mlango wa boma akasimama. Bibi arusi wetu haingii hivi hivi, anagoma mpaka apewe kitu. Mama yangu akampa kondoo, hakusogea. Baba akampa mbuzi, akasogea hatua moja, ya kidole. Mvua ikaanza, wageni wanalowa, Tobiko anapiga kelele, "Mpe kitu huyo, nyama inapoa!" Nikamtoa mtamba wangu, mwekundu, ubavuni ana doa jeupe kama wingu limekaa vibaya. Nilikuwa nampenda huyo mtamba. Yeye akamtazama mtamba, akanitazama mimi, akaingia. Na kwetu mtu akikupa ng'ombe, mnaacha kuitana majina, mnaitana kwa huyo ng'ombe. Pakiteng. Mimi nikimwita yeye Pakiteng, yeye akiniita mimi Pakiteng. Ni jina moja la watu wawili, kama blanketi.

"Na sasa nani anakuita hivyo, babu?"

"Nani aniite? Aliyepokea ng'ombe si amelala."

Asubuhi Nailantei akafunga shuka kiunoni akaingia kazini. Nilikuwa sijawahi kumwona mtoto wa mjini anakanyaga mavi ya ng'ombe kwa furaha vile. Akakandika ukuta wote, akaziba nyufa, viganja akavizunguka kila kimoja, vikabaki vimezama kidogo kama nyayo kwenye tope. Selestina akaja kusimama na kibuyu mgongoni.

"Mtatuletea matatizo. Nyumba yenye namba haiguswi."

"Sijaigusa mama, tazama," Nailantei akamwambia. "Nimeipita pembeni kama nyoka."

"Na hizo rangi?"

"Hizo ni vipodozi."

Selestina akaondoka anasonya, lakini hakwenda mbali. Alisimama nyuma ya zizi, nikamwona.

Jioni jioni, lile jua linalolala chini ya tumbo la mawingu, ng'ombe akaanza kutoka ukutani. Sijui niseme vipi. Nailantei alikuwa na mkaa, na chokaa, na ule udongo mwekundu wetu wa kujipaka wa morani. Akachora mgongo kwanza, mstari mmoja tu, na mimi nikaujua. Halafu pembe. Halafu tumbo. Akajaza wekundu, akaacha doa jeupe ubavuni. Ile namba ikawa chini ya tumbo: moja na moja ikawa miguu ya mbele, imenyooka, na ile saba nyuma ikawa mguu wa nyuma, kwa sababu mguu wa nyuma wa ng'ombe si umekunjika pale kwenye goti kama saba? Viganja vya mke wangu vilibaki juu ya mgongo na shingoni, kama mtu anampapasa. Mimi nilikaa chini kabisa. Ni mtamba yule. Alikuwa anatoka kwenye ukuta kama anatoka kwenye ukungu, ameacha miguu mitatu nje na anatafuta wa nne.

"Ana miguu mitatu," nikasema.

"Wa nne ni wako, babu. Wewe ndiye uliyemtoa."

"Mimi sijui kuchora."

"Ni mguu tu. Lakini nisikilize vizuri." Akanishika mikono yote miwili. "Tumia mkaa. Mweusi, mwembamba, kama kivuli. Usitumie nyekundu. Ile namba lazima ionekane ni mia moja kumi na saba, wakija kukagua wasiseme tumeharibu. Mkaa, babu. Umesikia?"

"Nimesikia, mimi sio kiziwi."

Alfajiri gari la kwenda Karatu likapita, akapanda, maana loji walishaanza kumpigia. Mimi nikabaki na mkaa mkononi.

Sasa nisikilizeni, na ninyi mngefanya nini. Nilikaa mbele ya ule ukuta na mkaa. Ng'ombe ananitazama. Mtamba wangu alikuwa mwekundu mpaka kwenye kwato. Mtu akinitajia ng'ombe wangu akasema ana mguu mmoja mweusi nitamwambia huyo sio wangu, umekosea boma. Nitamwandikiaje mke wangu ng'ombe wa uongo? Yeye aliyejua kila unywele? Atafika, atatazama, atasema huyu anafanana na yule, lakini yule hakuwa na mguu mweusi. Atapita. Nikaona kisigino kile kinaingia kwenye weupe.

Nikaweka mkaa chini. Nikachukua udongo mwekundu kwa kidole, nikauchora mguu nyuma ya ile saba, umekunjika kama mwenzake. Kidole changu kimezoea fimbo, kwa hiyo mguu ulienda kombo kidogo. Nikasogea nyuma nikatazama. Ng'ombe amesimama. Nikalala usingizi mzuri, na hakuna aliyekuja kwenye ndoto, ni upepo tu, na haukuwa na mahali pa kuingilia.

Wakaguzi walikuja. Sio wakaguzi, alikuja kijana mmoja na pikipiki, anaitwa Naftali, Mmbulu wa Kansay. Akaniamkia vizuri, shikamoo mzee, marahaba, ng'ombe hawajambo, na ninyi kule Kansay ngwara, yale maharage yenu, zimeota? Zimeota. Akaanza kupita nyumba kwa nyumba na kile kidude chake cha kioo, anatazama namba, anabonyeza. Boma lote likamfuata. Alipofika kwangu akasimama. Akainama. Akavua kofia.

"Elfu moja," akasema. "Elfu moja mia moja sabini na saba."

"Nilisema!" Selestina akajipiga kofi pajani. "Mimi si nilisema?"

Nikatazama, na kweli. Moja, moja, saba, na saba yangu. Nyekundu kwa nyekundu. Nilikuwa nimechora mguu, kumbe nimeandika namba.

"Mzee," Naftali akasema, "tarafa yote hii haina nyumba ya elfu moja mia moja sabini na saba. Nani amefuta namba?"

"Hakuna aliyefuta," nikasema.

"Ni kweli haijafutwa." Akakuna kichwa. "Imezaa."

Tobiko akacheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili. "Ni mtamba huyo, kijana! Ulitaka afanye nini?"

Mimi sikucheka. Nilikuwa nasikia lile neno, nyumba isiyo na namba haipo. Naftali akasema ngoja ampigie mkuu wake. Kwetu mtandao unapatikana juu ya kile kichuguu kikubwa karibu na zizi, kwa hiyo akapanda, tukamwona amesimama kule juu angani, upepo unampeperushia shati, anapiga kelele kama anahubiri.

"Ndio mkuu! Hapana, haijafutwa! Imeongezeka! ... Miguu, mkuu! ... Miguu ya ng'ombe! ... Hapana mkuu, sijanywa!"

Akashuka. Akanijia taratibu, akachuchumaa mbele yangu, na hiyo nilimpenda, maana wengi wanaongea na mzee wamesimama.

"Mzee wangu, kuna njia mbili. Ya kwanza rahisi: nikwangue huo mguu mmoja, namba irudi kama ilivyokuwa, yaishe, uendelee kuwa na nyumba yako kama wengine."

"Kwangua!" Selestina akasema. "Kwangua, mwanangu, tulale salama."

Nikautazama ule mguu wa kombo. Nikafikiria kisu kinapita pale. Ilikuwa rahisi kweli. Angekwangua kidogo tu, namba ingerudi, na nyumba ingekuwepo. Lakini ingekuwepo kwa nani?

"Kijana," nikasema, "kule kwenu Kansay ng'ombe akisimama vizuri mnamkata mguu?"

"Hapana, mzee."

"Na nani alisema kilichoko ukutani kisifutwe? Mimi?"

Naftali akatazama chini, nikaona anabana kicheko. "Ni sisi."

"Basi msifute. Hiyo njia ya pili ni ipi?"

"Ya pili, mkuu anasema namba isipoeleweka, niandike jina wanaloita watu. Na isije kesho nikarudi nikakuta jina jingine. Lakini akasema pia hawezi kuniahidi kama wa juu watalikubali." Akainua kile kidude. "Kwa hiyo mzee. Hapa ni kwa nani?"

Tobiko akatazama viatu vyake. Selestina akaziba mdomo. Nani angesema? Upepo ukaja ukaleta vumbi jeupe, likatupita, na kwenye lile vumbi swali likawa la mtu mwingine, sauti ya mtu mwingine, inayoanzia puani. Hapa ni kwa nani. Nilifungua mdomo nikakuta ile sufu, imejaa kama kwenye ndoto. Nikamtazama ng'ombe wangu. Ng'ombe mwekundu mpaka kwenye kwato, amesimama kwa miguu minne.

"Kwa Pakiteng," nikasema.

Na sufu ikatoka. Nasema kweli.

"Pakiteng ni mume au ni mke?" Naftali akauliza, kidole kiko tayari.

"Wote wawili."

Akabonyeza, akanisomea taratibu, Pa-ki-teng, nikamwambia ndivyo. Akapiga picha ng'ombe. Akiwa anawasha pikipiki akaniita, "Mzee, hata na sisi bibi zetu walikuwa wanachora kwa shanga kwenye ngozi. Akija huyo mjukuu wako mwambie apite na Kansay." Akaondoka na vumbi lake.

Kama wa juu walikubali au hawakukubali, mpaka leo sijaambiwa. Selestina siku ya pili yake akaja na maziwa ambayo sikumwomba, akauliza hivi Nailantei anarudi lini, maana namba yake yeye ina nane, na nane inaweza kuwa kibuyu, au sio? Nikamwambia inaweza.

Na Tobiko, yule yule, nikamsikia anamtuma mtu kule nje ya zizi.

"Nenda ukaniletee fimbo yangu, nimeisahau kwa Pakiteng."

Nilikuwa ndani, nimejilaza kwenye ngozi. Tangu mke wangu alale sikuwa nimelisikia hilo neno kwenye mdomo wa mtu mwingine. Nikafumba macho. Mlango ulikuwa wazi. Ukungu ukashuka, hapa hapa Kakesio ambako ukungu haufiki, ukajaza boma mpaka juu ya uzio wa miiba, na ndani ya weupe akaja, shuka la bluu, kibuyu begani. Hakuinama mlango wa mtu. Alikuja moja kwa moja. Akasimama ukutani, akaweka mkono wake kwenye kiganja chake, kidole kilichopinda kikakaa mahali pake. Akamtazama ng'ombe kuanzia pembe, shingo, lile wingu la ubavuni, akashuka miguuni, mmoja mmoja, kama anavyokaguaga ng'ombe anaporudi malishoni. Kwenye wa nne akakaa sana.

"Pakiteng," akaniita, "mguu huu nani kaupinda?"

"Ni mimi, Pakiteng."

"Nilijua," akasema, akainama, akaingia.